Mazoezi ya Kukataa

"Kisukari?" Bora aliuliza, akaiinua glasi ya maji mpaka ikapata mwanga wa taa. "Kisukari kimekuanza lini, mwanangu? Hii haina sukari hata chembe. Nimeipika mwenyewe, mara mbili. Sukari yote ilibaki kwenye pipa, nguruwe wakaila."

Watu wakacheka. Ratomir hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye ncha ya meza, chupa mkononi, kama inavyompasa mwenye nyumba siku ya slava. Katika sikukuu hiyo ya mtakatifu wa ukoo mwenye nyumba haketi, bali huwamiminia wageni tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Chupa ilikuwa ya maji ya bomba. Meza ilikuwa kitanda cha kukandia wagonjwa, kimefunikwa shuka la zahanati. Wale wageni waliokizunguka walikuwa wanachama wa klabu ya waliotibiwa ulevi, pamoja na wake zao, au waume zao, au yeyote aliyebaki kwao.

"Natumia antibayotiki," Ratomir alijaribu tena.

"Basi hii ndiyo dawa yenyewe! Vijidudu vikiinusa tu vinaandika wosia."

"Nitaendesha gari baadaye."

"Uende wapi? Si uko kwako!" Bora akakipiga kile kitanda kwa kiganja. Alikuwa kondakta wa treni mstaafu, sauti yake imezoea kushindana na magurudumu, na alikuwa hajagusa tone kwa miaka mingi kiasi kwamba klabu ilimpa kila mara nafasi ya mtu mbaya. "Mimi ndiye niliyekusimamia ndoa yako, Rato. Nilikushikia taji kichwani mbele ya madhabahu. Leo unanitazama usoni, unaninyima glasi moja?"

Dobrila, mke wa Ratomir, alikuwa ameketi karibu na ukuta, mkoba juu ya magoti. Aliona mkono wa mumewe ukianza kuinua chupa, si kwa kumimina, bali kwa kutokujua la kuufanyia. Alitamani kusimama aende zake. Wakati huohuo alitamani Bora azidi kumbana, kwa kuwa Mzee Tihomir, msimamizi halisi wa ndoa yao, angembana hivyohivyo. Mwaka jana alimshika Rato shingoni akamnywesha kwa nguvu, na nyumba nzima ikapiga makofi.

"Tusimame hapo," alisema Nevenka, mwanasaikolojia aliyeiongoza klabu. Alikuwa mwanamke mdogo, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha. "Ratomir, umeona kilichotokea? Kila udhuru ni mlango, na Bora anajua kufungua milango. Ni sentensi gani isiyo na mlango?"

"Naijua."

"Iseme."

Ratomir aliitazama chupa. "Mimi ni mlevi. Natibiwa. Sinywi."

"Hapa unaisema kila wiki bila shida. Kwa nini hukumwambia Bora?"

"Kwa sababu hapa wote ni walevi," alisema Ratomir, na safari hii hata Dobrila akacheka.

Nevenka akapenga kamasi, akawatazama mke na mume kwa zamu. "Badilishaneni. Dobrila, wewe uwe Ratomir. Shika chupa. Ratomir, wewe uwe Dobrila. Kaa pale kwenye kiti chake, na mkoba wake uushike."

Kulikuwa na minong'ono ya furaha, maana kubadilishana viti ndiko walikokupenda kuliko yote. Ndipo kila mtu alipomwona mwenzake akivaliwa na mwingine kama koti. Dobrila akasimama, akaipokea chupa. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Ratomir akaketi, akaweka mkoba juu ya magoti, akaunganisha visigino. Watu wakaguna kwa kukubali: ndiye, ndiye kabisa.

Bora akaanza upya. Alimwita Dobrila "Rato mwanangu", akamsifu, akamlaumu, akamkumbusha harusi. Dobrila akajibu kwa ukali na upesi, maana kukataa kwa niaba ya mtu mwingine kulikuwa rahisi. Kisha Ratomir akaegemea mbele kutoka kwenye kiti chake, akasema kwa sauti nyembamba, ya haraka, ya mtu anayetazama kando kuona ni nani anayesikia:

"Chukua kidogo tu, Rato. Lowesha midomo. Watu wanatutazama."

Dobrila akaishusha chupa.

"Mimi?" alisema Dobrila. "Mimi sijawahi kusema hivyo. Niambie lini! Mimi niliyekokota hili lijitu kutoka mtaroni? Mimi ninayekaa nikikuangalia unameza kidonge cha kuzuia pombe kila asubuhi, nakuambia inua ulimi nione?"

"Sisemi ulisema lini," Ratomir alijibu, akiwa bado na mkoba mapajani, lakini sauti ikiwa imerudi yake. "Nasema ndivyo ninavyokusikia."

"Basi una masikio mabovu."

Nevenka hakuamua nani mkweli. Aliandika neno kwenye karatasi yake, akasema muda umekwisha, na kwamba mtu wa mwisho azime taa za ngazi.

*

Walirudi kwa miguu, bila kuzungumza, kupita ukuta wa kiwanda cha joto, kinachopasha nyumba za mji, alikofanya kazi Ratomir. Sikukuu ya Mtakatifu Nikola, slava yao, ilikuwa imebakiza siku chache. Madirishani kwa majirani wenye mtakatifu huyohuyo, mapazia yalikuwa yameshafuliwa na kurudishwa.

Nyumbani Stamena, mama yake Ratomir, alikuwa akichagua maharage mezani, yale makubwa meupe ya kuoka, akiyatenga yenye madoa kama mtu anayepanga wenye dhambi.

"Haya, leo mmecheza nini?" aliuliza bila kuinua macho. "Kibe? Au baba na mama?"

"Slava, mama," alisema Ratomir.

"Slava ya maji?" Akaangusha harage. "Watu hawatakiani maisha kwa maji, mwanangu. Marehemu baba yako angesikia angegeuka kaburini akalala kifudifudi."

Ratomir alitoka uani. Mara wakasikia shoka. Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa akipasua kuni jioni zote, na ukuta wa kaskazini ulikuwa umefunikwa kuni hadi chini ya paa, za kutosha majira ya baridi ambayo hakuna aliyejua kama angeishi kuyaona.

"Mama," alisema Dobrila, akivua viatu, "nimefikiri. Siku hiyo nitamimina mimi. Rato akae na wageni, azungumze."

"Wewe?" Sasa Stamena aliinua macho. "Mwanamume yumo ndani, mzima, na mke ndiye amimine? Si bora tubandike tangazo langoni?"

"Kushika chupa siku nzima, mama, kwa mtu kama yeye—"

"Mtu kama yeye ana kisukari. Nimeshawaambia watu wote."

Hilo lilikuwa kweli. Ule uongo ulikuwa wa Stamena, na aliulea vizuri mpaka ukapata miguu. Jirani mmoja alileta biskuti zisizo na sukari. Mwingine alimpa Dobrila, mbele ya foleni nzima ya duka la mkate, kile kipimo cha damu cha marehemu mumewe, kikiwa ndani ya kikoba chake. Akamweleza jinsi ya kuchoma kidole, na Dobrila akasimama akisikiliza, akashukuru, akauliza hata na swali moja ili aonekane anajali.

Na kanisani ilikuwa vivyo hivyo. Dobrila alikwenda kumwomba padri kwamba atakapokuja kuubariki mkate, asimpe Ratomir kuonja ile divai inayomiminwa juu yake, kwani kidonge hakipatani hata na tone: moyo hukimbia, uso huwaka, mtu huanguka. Alinong'ona. Padri, aliyekuwa na sikio moja zito, alijibu kwa sauti ya mahubiri pale penye meza ya mishumaa: "Divai iliyobarikiwa haijamlevya mtu tangu ulimwengu uumbwe!" Wanawake wawili waligeuka. Mwishoni padri alikubali kwamba Ratomir aubusu mkate tu, lakini alikubali kwa namna ya mtu anayesamehe deni.

"Sikiliza, mkwe," Stamena alisema, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuukabili kuliko ukali. "Mimi sitaki anywe. Unadhani nataka? Mimi ndiye niliyemzaa. Nataka siku moja tu kwa mwaka watu waingie humu, watoke, wasiwe na la kusema. Siku moja."

Na Dobrila mwenyewe alitaka hiyohiyo.

Alikwenda chumbani. Chini ya kitanda, upande wake, ulikuwamo mfuko wa safari uliofungwa tangu masika: nguo, hati, funguo za nyumba ya dada yake aliyeko mji wa Novi Sad. Ratomir alijua upo. Walikuwa wamekubaliana mbele ya daktari, kwa maneno machache: akinywa tena, hata mara moja, Dobrila anaondoka, na safari hii harudi. Alikuwa amelisema hilo kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe. Akaketi kitandani, akasikiliza shoka. Likinyamaza kwa muda mrefu, alisimama kwenda dirishani. Likianza tena, akaketi.

*

Siku ya Mtakatifu Nikola theluji ilianguka tangu alfajiri. Slava haina mwaliko: anayekumbuka huja, na asiyekuja amesema jambo. Mshumaa uliwashwa, ngano iliyochemshwa ikawekwa penye kona, maharage yalitoa ukoko mwekundu, na samaki, kwa kuwa ilikuwa mfungo, walilala kwenye masinia macho yakitazama dari. Padri alikuja, akaukata mkate, na Ratomir akaubusu bila kuonja. Stamena, kwa kitambaa kipya cha kichwa, alikaa mahali ambapo angemwona kila mtu.

Kaka yake Dobrila ndiye aliyekuja mwanzo, akipuliza vidole, na hata kabla ya kuketi alisema, "Haya, mwenye nyumba, tupashe koo!"

Ratomir akammiminia.

"Na yako iko wapi?"

"Sinywi."

"Kidogo, shemeji! Ya afya!"

"Sinywi. Nakumiminia wewe."

Alilisema kwa sauti tambarare, ya mtu anayetangaza kituo kinachofuata, na Dobrila, aliyesimama mlangoni pa jiko na sinia mkononi, akamtambua Bora ndani ya sauti ile. Kaka yake alingoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Akainua mabega, akanywa, akauliza habari za samaki.

Wakafuata wengine: jirani na mkewe, binamu wawili wa Ratomir kutoka kijijini, mwalimu mstaafu wa mtaa. Kila mmoja alijaribu, mmoja kwa mzaha, mmoja kwa kununa, binamu mmoja kwa kutaja baba yake marehemu, na kila mmoja aligonga ukuta uleule. Sentensi yenyewe kamili Ratomir hakuisema. Aliisema nusu ya mwisho tu, na nusu hiyo ilitosha. Dobrila alifurahi kwamba ilitosha. Aliingia jikoni, akaegemea friji, akacheka peke yake, kimya, mkono mdomoni. Wamefaulu, aliwaza. Yale mambo ya kitoto, kile kitanda cha kukandia, kumbe yanafanya kazi.

Hata hivyo hakuweza kutulia. Kila mara alipotoka na sahani alilitazama dirisha. Mzee Tihomir alikuwa bado hajafika.

Alikuja wageni walipokuwa kwenye samaki. Hakuna aliyemsikia akipanda ngazi, na jambo hilo peke yake lilikuwa geni, maana miaka yote Tihomir alianza kuimba tangu langoni. Aliingia akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Koti lilimning'inia kana kwamba liliazimwa kwa mtu mnene. Mkewe, Persida, alikuwa amezikwa mwanzoni mwa vuli, wiki za mavuno ya plamu, na tangu hapo hakuwa ametoka sana.

"Msimamizi," alisema Ratomir, akaenda kumbusu mara tatu mashavuni. "Karibu. Kaa mahali pako."

"Sikai, mwanangu. Nimepita tu."

"Unapitaje slava? Kaa!" alisema Stamena.

Tihomir hakuketi. Alitazama meza, mshumaa, ile ngano. "Persida alipenda maharage yenu," alisema. "Alikuwa akisema, Stamena huyaoka mpaka yanakiri. Nimejaribu kuyaoka juzi. Nimeunguza." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kulitazama. "Rato, nimiminie. Na wewe ujimiminie. Tumnywee Persida. Hatugongani glasi, tunamwagia chini matone yake, basi, naenda."

Ratomir akammiminia. Akaishika chupa.

"Na wewe," Tihomir alisema.

"Msimamizi, mimi si—"

"Najua. Nimesikia una kisukari." Mzee alishusha sauti, akawa kama anayezungumza na Ratomir peke yake, lakini vijiko vilikuwa vimenyamaza, na kila mtu alisikia. "Sitaki ulewe, mwanangu. Mimi mwenyewe siiwezi tena. Nataka tu nisimnywee peke yangu. Nyumbani nimemnywea peke yangu kila jioni. Leo nilijiambia, ni slava ya Rato, leo tutakuwa wawili."

Hakumshika shingoni. Hakupiga meza. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, kama maji yatokavyo kwenye ukuta, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kofia na glasi.

Dobrila aliona mumewe akitafuta ule ukuta na kuukosa. Wiki zote zile walikuwa wamempa Bora kazi ya kubweka, na Ratomir amejifunza kumkatalia anayebweka. Hakuna aliyefikiria kumfundisha kumkatalia anayelia. Ratomir alichukua glasi tupu kutoka mezani. Akamimina. Aliishika mbele ya kifua chake, rakija, ile pombe kali ya plamu, ikitetemeka ukingoni, na harufu yake ikajaa chumba. Akamtazama mkewe.

Wageni nao wakamtazama Dobrila. Stamena akamtazama. Mzee alisimama pale na kofia yake. Na Dobrila, aliyekuwa na mfuko uliofungwa chini ya kitanda, aliyejua kile kidonge hufanya nini moyoni mwa mtu, alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, aibu ya kumwacha mjane asimame katikati ya nyumba yake bila jibu. Na aibu ile ikatafuta maneno, ikayapata mahali ambapo siku zote yalikuwepo.

"Kidogo tu, Rato," alisema upesi, akitazama kando. "Lowesha midomo. Watu wanatutazama."

Aliyasikia baada ya kuyasema. Alibaki na sinia mikononi, mdomo wazi.

Ratomir hakukasirika. Kitu kililegea usoni pake, kama kwa mtu aliyekuwa akipotea gizani, mara akagusa kitasa anachokijua. Maneno hayo alikuwa ameyatamka mwenyewe, kwa kinywa chake, mkoba mapajani. Akaiweka glasi mezani, taratibu, bila kumwaga.

"Hapana, Dobrila," alisema.

Kisha akamgeukia mzee. "Msimamizi, sina kisukari. Mimi ni mlevi. Natibiwa. Nikionja hiyo, naanza upya, na safari hii sitatoka. Nampenda Persida. Sinywi."

"Kisukari," Stamena aliwaambia wageni, sauti ikipasuka. "Ana kisukari huyu. Daktari amesema." Hakuna aliyemtazama. Mwalimu mstaafu alianza kuukunja upya ukingo wa leso yake.

Tihomir alimtazama Ratomir. Kisha akainamisha glasi yake, akaacha matone machache yaanguke sakafuni, akanywa yaliyosalia peke yake. Aliiweka glasi kando ya ile iliyojaa. Akavaa kofia humo humo ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

*

Dobrila alimfuata bila koti. Alimpata uani, amesimama penye ukuta wa kuni, akiugusa kama mtu anayekagua mali ya mwingine.

"Mzee, rudi ndani. Tafadhali. Kuna baridi."

"Nilikuja kunywa na mtu mmoja," alisema Tihomir. "Wengine sina haja nao."

"Alaumiwe nani? Nilaumu mimi. Mimi ndiye niliyesema—"

"Nimesikia ulichosema." Hakulisema kwa ukali. "Persida naye alikuwa akisema hivyohivyo. Miaka thelathini: kidogo tu, Tihomir, watu wasituone wabaya. Halafu nyumbani ananifungia mlango." Akavuta pumzi, na mvuke ukamfunika uso. "Wewe unafikiri sikujua kuhusu Rato? Mji huu? Nilimbeba mara ngapi mimi, kabla hujambeba wewe. Lakini nilidhani kwa siku kama ya leo..."

Dobrila alitafuta sentensi. Klabuni kulikuwa na sentensi kwa kila jambo, na Nevenka wa kuinua mkono pale mtu alipopotea. Hapa palikuwa na theluji tu, ikiwaangukia wote wawili bila upendeleo.

"Anafanya nini na mikono yake sasa?" mzee aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Rato. Jioni. Mikono anaiweka wapi?"

"Anapasua kuni."

Tihomir akautazama ukuta, kutoka chini hadi chini ya paa. Kitu kama kicheko kilimtoka puani. "Yesu wangu. Zote hizi?"

"Na ghalani zimo nyingine."

"Mimi jiko langu ni la kuni," alisema mzee. "Tangu Persida aondoke sijapasua hata moja. Nachoma viti." Akainua ukosi wa koti. "Sitarudi leo, Dobrila. Usinishike. Nimeumia, na sitaki kujifanya sikuumia."

"Nimwambie akuletee?"

Tihomir alifungua lango, akasimama. "Sijui," alisema. "Kesho huenda nikamfukuza." Akaenda zake, akitembea kando ya ukuta mahali theluji ilipokuwa chache. Dobrila hakumwita tena. Alibaki amesimama hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, akijaribu kuelewa kama alichopewa ni ndiyo au hapana, na kama ana haki ya kukibeba kuingia nacho ndani.

*

Ratomir alikuwa ukumbini, penye makoti, amekaa juu ya sanduku la viatu. Nyuma ya mlango wageni walizungumza kwa sauti za chini, kama watu wa msibani. Mikono yake ilikuwa katikati ya magoti, nayo ilikuwa ikitetemeka sasa, yote miwili, bila kificho.

"Ameondoka?"

Ulimi wa Dobrila ulikuwa tayari kusema kwamba mzee amechoka tu, kwamba atarudi, kwamba hakuchukia. "Ameondoka," alisema Dobrila. "Ameumia. Anachoma viti, hana kuni."

Ratomir akatikisa kichwa polepole.

"Na mimi nilisema," Dobrila akaongeza.

"Ulisema."

Dobrila alitaka kumwambia habari za mfuko ulioko chini ya kitanda, kwamba ataufungua, atazirudisha nguo kabatini; akajizuia, kwa kuwa hakuwa na hakika, na kwa kuwa ilimjia kwamba siku ile yeye mwenyewe alikuwa karibu kusababisha mfuko ule ubebwe. Akaketi kando yake kwenye sanduku. Lilikuwa dogo kwa wawili. Bega lake lilipata mtetemo wa mkono wa mumewe, akauacha umfikie.

"Ile glasi bado iko mezani," Ratomir alisema. "Niliyoimimina. Siwezi kuingia na ile iko pale."

Dobrila akaingia. Mazungumzo yakakatika. Akaichukua glasi iliyojaa mbele ya macho ya watu wote, mbele ya Stamena aliyekuwa akikandamiza kitambaa machoni, akaipeleka jikoni, akaimimina kwenye sinki, akafungulia maji, akafungua dirisha. Harufu haikutoka upesi. Aliosha glasi mara ya pili, na mikono yake.

Kengele ya mlango ikalia.

Akasikia sanduku likilia Ratomir alipoinuka. Kutoka jikoni hakuweza kuona ukumbi, ila kusikia. Mlango ulifunguliwa, baridi ikapita hadi kwenye vifundo vyake, na sauti za wanaume watatu wa kiwanda cha joto zikaingia kwa pamoja, nene, zenye furaha ya watu waliokwisha kupita slava nyingine njiani.

"Heri ya slava, mwenye nyumba! Glasi ziko wapi? Leo hatutoki hadi utuimbie!"

"Asanteni," alisema Ratomir. "Subirini. Kabla hamjaingia." Sentensi haikutoka kama ya klabuni. Ilitoka vipandevipande, mwisho ukitangulia mwanzo. "Mtakunywa, nitawamiminia. Mimi sinywi. Siyo dawa, siyo nini. Ni kwamba mimi, mimi ni mlevi, jamani. Natibiwa. Ndiyo hivyo. Samaki wapo."

Mmoja akakohoa. Mwingine alisema jambo kwa sauti ya chini ambalo Dobrila hakulipata, na wa tatu akajibu, "Basi mimi nipite kwanza kwa mama, nitarudi." Hatua za mtu mmoja zikashuka ngazi; lango likalia.

Dobrila alisimama, maji yakimtiririka viwikoni. Kisha pale kizingitini miguu ikaanza kukung'uta theluji, buti nzito, ya mmoja, halafu ya mwenzake, na Ratomir akasema, "Makoti huku."

Akakausha mikono, akafungua kabati, akashusha sahani mbili.